Barua ya Malalamiko: Sitaha na Stringa za Boti Yangu ya Faiba

Msasani,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Karakana ya Boti,
Kigamboni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBOMOLEWA NA KURUDIWA KWA KAZI YA SITAHA NA STRINGA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa boti ya faiba ya futi 23, iliyoundwa miaka ya 1980, niliyoileta kwenu kabla ya masika ili sitaha na stringa zake (mbao ndefu zinazoimarisha mwili wa boti kwa ndani, chini ya sitaha) zilizooza ziondolewe na kuwekwa mpya. Naandika kuwataka muibomoe kazi mliyoifanya na kuirudia kwa gharama zenu, kwa sababu nilichokabidhiwa sicho tulichoandikiana, na kwa hali iliyo nayo sasa boti hiyo haifai kubeba mtu.

Dalili zilianza mara tu upepo wa kusi ulipokaza. Tulipoipita Bongoyo na kukutana na mawimbi ya nje, sitaha ilibonyea chini ya miguu karibu na tangi la mafuta, na jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, ikapasuka kuzunguka kitako cha kiti cha nahodha. Nilisimamisha safari zote, nikaipandisha boti nchi kavu na kumwita fundi mwingine, tukafungua mfuniko wa ukaguzi ulio nyuma ya tangi. Bisibisi iliingia kwenye stringa ya kushoto hadi kwenye mpini, na ilipochomolewa yakafuata maji meusi yenye harufu ya mbao iliyovunda.

Mbao hiyo si mpya. Kuanzia kwenye mfuniko huo hadi shetrini, yaani nyuma ya boti, pande zote mbili, stringa za zamani ziliachwa mahali pake na kuvishwa faiba mpya kwa juu, ilhali makadirio yenu ya maandishi yanataja stringa zote, kutoka omo, yaani mbele, hadi shetri. Kuifunika mbao yenye maji ni vibaya kuliko kuiacha wazi, kwa kuwa maji hayapati pa kutokea na kuvu huendelea kuila kwa ndani huku juu panang'aa. Mbao iliyokaushwa hadi chini ya asilimia 20 ya unyevu, na kubaki hivyo, huwa salama dhidi ya kuoza. Hii ilikuwa ikichuruzika. Tena ni sehemu hiyo hiyo ya nyuma inayopokea msukumo wa injini.

Kuhusu sitaha yenyewe, tulikubaliana itumike plaiwudi ya baharini ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya vyombo vya majini, na hiyo ndiyo niliyolipia. Tulipokata kipande karibu na kiti, tulichokuta ni marini bodi, ile ile inayouzwa kwa mafundi ujenzi kwa ajili ya kumwagia zege, ikiwa bado na ngozi yake laini ya kahawia. Kila fundi wa boti anajua kwamba jina hilo la dukani haliifanyi kuwa mbao ya chombo cha majini. Plaiwudi ya BS 1088 hutengenezwa kwa gundi inayohimili maji yanayochemka, na tabaka zake za ndani hazipaswi kuwa na mapengo. Bodi ya zege haina dhamana hiyo kwa ndani, na ile ngozi yake imewekwa makusudi ili zege isishike. Resini, ile gundi ya kugandishia faiba, nayo haishiki. Ukingo wa kipande tulichokata haukuwa umepakwa chochote, na matundu ya skrubu yaliachwa makavu, kila moja likiwa mlango wa maji.

Lililonitia hofu zaidi ni maungio ya stringa na mwili wa boti. Resini ya poliesta haiungani kikemia na faiba iliyokwisha kukomaa miaka mingi iliyopita. Hushikilia mikwaruzo tu. Ndiyo maana sehemu ya kuungia husagwa kwa grinda hadi nyuzi safi zionekane, vumbi likafutwa kwa asetoni, pembe zikajazwa puti ili mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, isikunjike kwa ghafla, kisha tabaka zikapandishwa kila moja ikiwa pana kuliko iliyotangulia. Upande wa kulia nilishika ukingo wa mati yenu kwa vidole na ukabanduka mzima kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake ilibaki rangi ya zamani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, haijaguswa hata na msasa.

Nilipopiga simu, msimamizi wenu alinijibu kwamba boti ya zamani haiwezi kuwa mpya. Nalipinga jibu hilo. Mwili wa boti hii ni faiba nene iliyotandazwa kwa mkono, fundi aliugonga kwa nyundo kutoka omo hadi shetri na ukaitikia vizuri kote. Kilichokuwa kimeoza ni mbao, na mbao ndiyo mliyolipwa kuibadilisha.

Kwa hiyo nataka sitaha yote iondolewe, stringa zote zing'olewe, na kabla ya hapo mwili wa boti uegemezwe sawasawa kwenye vigogo ili usipinde ukiwa mtupu. Mbao mpya zipakwe resini pande zote, na kuta za matundu ya kupitishia maji ya ngama nazo zipakwe ili maji yasiingie kwenye mbao. Nataka kukagua maungio kwa macho yangu kabla sitaha haijafungwa, kwa kuwa kilicho chini yake hakitaonekana tena mpaka siku kitakapovunjika, pengine kukiwa na abiria.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mkishindwa kuirudia kazi, nirudishieni fedha zote. Risiti, makadirio, picha na vipande tulivyovikata ninavyo. Nisipopata jibu nitalifikisha suala hili kwa Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nitalitaarifu Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kwa kuwa linahusu usalama wa chombo cha majini.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa boti

Nakala: Mwanasheria wangu