Zile karanga zilizosinyaa

İzmir, Uturuki
12 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Jumapili uliponiambia kwamba karanga zilizosinyaa na kuota ukungu unazisaga za kuungia mlenda ili zisipotee bure, simu ilikatika kabla sijajibu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana naandika. Neema akusomee taratibu.

Jioni nafanya kibarua kwenye kiwanda cha tini kavu. Tunakaa kwenye chumba cha giza, taa ya zambarau inamulika matunda yanayopita mbele yetu. Tini yenye dalili ya ukungu mbaya hung'aa kijani-njano kama jicho la paka, nasi tunaitoa. Tunachokimbia ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota hata kwenye karanga na mahindi, ileile iliyoleta msiba Chemba na Kondoa mwaka 2016. Watu walikula mahindi, wakatapika, macho yakawa ya njano, wengine tukawazika. Ile ilikuwa nyingi kwa mpigo. Mimi inanitisha zaidi inayoingia kidogokidogo, kila siku na mboga.

Ini likijaribu kuivunja, linaigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye DNA, ile kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana yenye maagizo yote ya mwili. Seli ina mafundi wake, Mama. Wakikuta mahali palipoharibika, wanakata uzi huo huku na huku, wanaondoa kipande cha herufi kama 30, kisha wanausoma uzi wa pili na kujaza pengo. Sijaona ushonaji mzuri kama huo. Mmoja wa waliofumbua kazi hiyo ni Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur, mji mdogo wa hukuhuku Uturuki. Wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walihimiza watoto wasome. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Nikiona picha yake nakuona wewe Kibaigwa, umekaa na debe la karanga, unatafuta ada yangu.

Utaniuliza, kama mafundi wapo, hofu ya nini? Seli ikigawanyika kabla hawajamaliza, kosa hunakiliwa, na baada ya hapo hakuna anayejua kuwa ni kosa. Yupo nyapara, protini iitwayo p53, anayeisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, na ikishindikana anaiamuru ife. Sasa sumukuvu mara nyingi huharibu maandishi yanayomtengeneza nyapara huyohuyo. Kwenye sehemu ambako watu wanaila sana, saratani nyingi za ini zimekutwa na kosa hilo moja, mahali palepale pamoja. Niliposoma hayo nilifunga kitabu, nikawaza jikoni kwetu.

Mwenye homa ya ini aina B hatari yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo mtoto wa Neema amalize chanjo zote.

Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi sumukuvu. Naomba gunia la nyuma ya mlango limwagwe lichaguliwe upya. Zilizosinyaa, zilizobunguliwa, zenye ukungu, zifukiwe. Kuku nao wasipewe, maana huwadhuru. Msimu ujao tuanike juu ya turubai, siyo chini, na magunia yakae juu ya mbao. Nimetuma hela kwa simu ya Neema, ununue debe moja safi badala ya hizo.

Jumapili nitapiga saa mbili usiku. Msalimie Baba.

Mwanao,
Chiku