"Usile kitu" haitoshi kwa kipimo cha PET

Mhariri,

Mgonjwa wa saratani anayepangiwa kipimo cha PET (picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi), ambacho sasa kinapatikana Nairobi, huambiwa "usile kitu" kwa muda wa saa sita. Agizo hilo ni pungufu. Watu wengi hawaihesabu chai ya rangi kuwa chakula, wala soda, wala pipi ya kikohozi, na kikombe kimoja cha chai tamu kinaweza kuharibu picha.

Dawa inayodungwa, FDG, ni glukosi iliyobadilishwa kwenye kaboni ya pili: kundi la hidroksili limeondolewa, ikawekwa florini-18 yenye mionzi. Seli huipokea kama glukosi ya kawaida, kisha kimeng'enya cha heksokinesi huibandika fosfati. Hapo hukwama. Hatua inayofuata inaihitaji ile hidroksili iliyoondolewa, na ikishabeba fosfati haiwezi kutoka tena kwenye seli. Uvimbe unaotumia sukari nyingi hujaa FDG, ukang'aa pichani.

Sasa mgonjwa akinywa chai tamu, insulini hupanda na misuli, moyo ukiwemo, hufyonza sukari kwa wingi. FDG huishia huko na uvimbe mdogo hufifia. Dripu ya glukosi huleta balaa hilo hilo. Maji matupu yanaruhusiwa, tena anywe ya kutosha, kwa kuwa sehemu ya FDG hutoka na mkojo. Akojoe kabla ya kupanda mashine.

Karatasi ya maelekezo iandikwe kwa Kiswahili na itaje chai, uji, soda na pipi kwa majina. Imwambie mwenye kisukari asiache dawa kwa uamuzi wake, bali aulize siku kadhaa kabla: metformini huung'arisha utumbo, na insulini ya haraka ikichomwa karibu na kipimo hupeleka FDG misulini. Sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L, mara nyingi kipimo huahirishwa.

Kuchelewa nako kuna gharama, maana florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Baada ya sindano, mgonjwa hupumzika kama dakika 60, kimya, bila kutafuna bablishi, akiwa amejifunika vizuri. Baridi huamsha mafuta ya kahawia ya shingoni, yale yanayochoma sukari ili kuupasha mwili joto, nayo yakang'aa.

La mwisho, kwetu ni zito: seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu nazo hutumia glukosi nyingi, hivyo kidonda cha TB chaweza kudhaniwa saratani. Aliyewahi kuugua TB, au aliyechanjwa begani hivi karibuni (chanjo nayo huamsha seli za kinga), amwambie daktari kabla picha haijasomwa.

Mtaalamu wa tiba ya nyuklia,
Nairobi