Kengele ya Leipzig

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe na Mama mu wazima, na miguu haikusumbui tena. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Leipzig, Ujerumani, imenikaba.

Nakuandikia kwa sababu ya kengele. Mbele ya jengo la halmashauri ya jiji kuna shimo la mviringo, kina chake mita tano hivi, na ndani yake kengele kubwa ya shaba. Hupita hapo nikitoka kazini. Inapolia, mlio haushuki kutoka mnarani kama tulivyozoea, unapanda kutoka chini ya miguu. Ni ukumbusho wa meya Carl Goerdeler.

Huyo alikuwa mtu wa mafaili kama wewe. Mwanasheria, naibu meya wa jiji la Königsberg miaka kumi, kisha meya wa Leipzig kuanzia 1930. Wanazi, chama cha Hitler, walipotwaa nchi mwaka 1933, alibaki ofisini akidhani ataweza kuwazuia akiwa ndani. Akakubali hata kusimamia bei za bidhaa nchi nzima. Hapo simtetei.

Lakini jijini kulikuwa na sanamu ya Felix Mendelssohn, mtunzi wa muziki aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi. Wanazi walitaka iondolewe, meya akakataa. Novemba 1936 alisafiri, huku nyuma naibu wake akaing'oa usiku. Aliporudi akataka irudishwe. Ikashindikana, naye akaachia cheo.

Baba, niliposoma hayo nilikuona wewe mtendaji wa kata, siku ulipokataa kugonga muhuri ili uwanja wa shule uuzwe. Ulirudi nyumbani huna kazi. Mama alilia, ada yetu itatoka wapi. Nilikuwa kidato cha pili, nikakununia mwezi mzima. Nisamehe.

Goerdeler aliingia katika njama za kumwondoa Hitler, na wenzake walipanga awe kansela, yaani mkuu wa serikali. Bomu walilomtegea tarehe 20 Julai 1944 halikumuua Hitler. Ikatangazwa zawadi ya marki milioni moja kwa atakayemfichua Goerdeler, mwezi uliofuata akakamatwa, na tarehe 2 Februari 1945 wakamuua Berlin. Mdogo wake Fritz naye aliuawa, wakipishana mwezi mmoja tu.

Sanamu ya Mendelssohn imetengenezwa upya, imesimama tangu 2008 karibu na kanisa la Mtakatifu Thomas. Picha yake nimeitia humu.

Mwambie Mama asilitupe lile daftari lako la kata lenye jalada jeusi. Nikija Desemba nataka unisomee.

Mwanao,
Neema