Mafundi wetu, pimeni kwanza kabla ya kuisingizia kabureta

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hizi pikipiki za zamani, Honda CG125 na zile za Kichina zilizofuata muundo wake, ambazo huku Iringa bado zinabeba watu na magunia kila siku. CG ilitoka 1976 na injini yake ni rahisi kuliko nyingi, lakini kwa mafundi wengi wa mtaani kila ugonjwa wake unaitwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Ikigoma kuwaka asubuhi kabureta, ikila mafuta kabureta, ikipiga baruti kwenye ekzosi ni kabureta tena. Plagi haijafunguliwa, fundi ameshashika bisibisi anazungusha skrubu, jioni dereva anaambiwa anunue kabureta mpya, hesabu ya bosi imeliwa na tatizo liko palepale. Hili linaniuma sana maana ile hela ni ya unga wa nyumbani kwake.

Jamani anzeni na plagi. Endesha mwendo wa kawaida injini ipate moto, zima ukiwa bado kwenye mwendo, usiiache ikae silensa kwanza (yaani iungurume bila eksileta), halafu simama pembeni ufungue plagi uangalie. Ikiwa kahawia hafifu mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeusi ina masizi makavu petroli imezidi, utaona na moshi mweusi nyuma. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi petroli na hiyo ndo ya kuogopa kuliko zote maana injini inachemka hadi pistoni inakamata, na hapo unaongelea kuchonga silinda. Ikiwa nyeusi lakini imelowa oili, achana na kabureta kabisa, nenda kwenye ringi na sili za valvu.

Halafu kuna swali moja ambalo fundi haulizi na ndo swali kubwa: tatizo linatokea eksileta ikiwa wapi? Eksileta ikiwa imefungwa mpaka kwenye robo hivi, inayofanya kazi zaidi ni jeti ndogo (jeti ni kipande chenye tundu la kupitisha petroli) na ile skrubu ya pembeni, ukipita robo hadi robo tatu ni sindano inayopanda pamoja na slaidi, kile kipande kinachovutwa juu na waya wa eksileta, kuanzia robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa. Sasa pikipiki ina silensa nzuri, inaondoka vizuri, ila ukiifungulia yote mlimani inakosa nguvu, wewe unazungusha skrubu ya silensa ya nini? Bandika kipande cha tepu kwenye mshikio wa eksileta, weka alama za robo, nusu na robo tatu, mpe dereva aende nayo barabarani akwambie inaanza kukohoa kwenye alama ipi. Tepu ni ya bei ndogo na inakuonyesha pa kufungua.

Kwenye ile skrubu ya pembeni wengi wanachanganya. Ikiwa iko upande wa filta ya hewa inatawala hewa, kwa hiyo ukikaza petroli inazidi. Ikiwa iko upande wa injini inatawala petroli, ukikaza petroli inapungua. Kwa hiyo angalia iko wapi ndo uiguse. Ikaze taratibu mpaka ifike bila kuilazimisha, ukihesabu mizunguko ilikuwa mingapi ili uweze kurudisha, kisha fungua kama mzunguko mmoja na nusu na uanzie hapo injini ikiwa ya moto, tafuta pale silensa inapopanda na kutulia. Na sindano ina klipu yake juu, ukiishusha klipu mkato mmoja sindano inapanda na petroli inaongezeka, ukiipandisha inapungua.

Pia kuna makosa ambayo kabureta haihusiki hata kidogo ila yanafanana na yake. Gasketi au oringi kati ya kabureta na silinda hedi ikichoka hewa inaingia kwa wizi, silensa inapanda na kushuka yenyewe, na ukiachia eksileta injini inachelewa kutulia. Rushia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma, sauti ikibadilika umepata. Tapeti zikibana pikipiki inakuwa ngumu kuwaka na silensa haikai, CG inataka nafasi ya 0.08 mm kwenye valvu zote mbili injini ikiwa ya baridi, asubuhi kabla haijawashwa. Na lile tundu la kwenye mfuniko wa tenki! Pikipiki inatembea vizuri kisha inazima kama imeishiwa, ukisubiri inawaka tena. Ikizima fungua mfuniko, ukisikia hewa inafyonzwa ndani basi tundu limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Kuna watu wanauziwa kabureta kwa ajili ya tundu hilo.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo jingine. Iringa iko juu ya mita 1,500 na Njombe iko juu zaidi, hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa Dar ikipanda mlima Kitonga kuja huku inaanza kuzidisha petroli bila kuharibika chochote. Hiyo wakati mwingine inataka klipu ya sindano ipande mkato mmoja au jeti kubwa ya namba ndogo kidogo, basi. Na ukiishusha pwani rudisha ilivyokuwa, usije ukachemsha injini.

Kinachonikera kuliko vyote ni kuzibua jeti kwa waya. Jeti ni ya shaba laini, tundu lake limepimwa na namba imegongwa pale, ukipitisha waya wa breki umelipanua na ile namba haina maana tena, kuanzia siku hiyo pikipiki itakula mafuta mpaka jeti ibadilishwe. Pulizia upepo wa kompresa, loweka kwenye petroli safi, inatosha.

Ombi langu Mhariri ni kwamba gazeti litenge hata robo ukurasa kwa wiki kwa ajili ya ufundi wa pikipiki, vijana wanaojifunza chini ya mwembe bila kufika chuo cha ufundi cha VETA wapate pa kusoma. Na wenye maduka ya spea walete jeti moja moja zenye namba inayosomeka, maana ukienda leo kuuliza jeti ya CG unaambiwa nunua kabureta nzima.

Ni mimi msomaji wenu,
Iringa