Msitutoe kwenye msafara wa hisani kwa sababu ya baiskeli za kulalia

Kwa Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzetu aliyetaka baiskeli zetu za kulalia zitolewe kwenye msafara wa hisani mwakani hapa Kisumu, ati si baiskeli za kweli na zitaleta ajali, na vile nasikia waandaaji wameanza kukubaliana naye nimeona siwezi kunyamaza. Mimi ni mmoja wa wale walioenda nazo mpaka Ahero na kurudi tukichangia dawa za watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu Nyanza kila familia kubwa inaujua.

Kwa wale hawajaziona, unakaa umeegemea nyuma, miguu imenyooka mbele, pedali ziko mbele kabisa, na cheni ni ndefu ajabu, zetu tuliunga cheni tatu za kawaida ndo tukapata moja ya kutosha, inapita chini ya kiti kwa puli. Za kwetu zilichomelewa na fundi wa jua kali pale Kibuye kutoka kwa fremu za mountain bike kuukuu, gurudumu la mbele inchi 20 na la nyuma inchi 26, kiti ni turubai iliyokazwa na kamba kwenye vyuma. Si mali ya matajiri.

Sasa hii maneno ya kwamba si baiskeli ya kweli imeanza zamani. Mwaka 1933 kule Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kulalia iliyoundwa na Charles Mochet akapiga kilomita 45 na kitu kwa saa moja, akavunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imekaa tangu 1914. Wakubwa wa UCI, chama cha dunia cha mashindano ya baiskeli, wakaketi, na 1934 wakaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, hiyo yake ikabaki nje. Kilichobishaniwa ni umbo lake na ile kasi. Na watu hawakuacha kuziunda, 2016 Todd Reichert wa Canada alipita kilomita 144 kwa saa kwenye barabara tambarare ya Nevada, amelala ndani ya ganda la kukata upepo, akitumia miguu yake tu. Lakini hata tukiheshimu uamuzi wa UCI, huo ni wa mashindano. Msafara wetu hauna mshindi, kila mtu analipa kiingilio, anavaa tisheti, anapedali, pesa inaenda hospitali.

Mwenye ameendesha baiskeli kutoka Ahero kurudi mjini saa nane mchana anajua ule upepo wa ziwa. Asubuhi mnaenda vizuri mkipita Nyamasaria na Rabuor, mnapiga stori, halafu mkigeuka unakuta upepo unakuja moja kwa moja usoni na mwili wako wote uko wima unaupinga, na ukiongeza kasi kidogo nguvu yako nyingi inaishia kwa huo upepo. Ukilala chini unakupita juu. Ndo maana tulikuwa tunarudi bila kuchoka sana, na ni kweli wenzetu wa nyuma walilalamika hawapati kivuli cha upepo kwetu vile wanapata nyuma ya mtu aliyekaa wima, hilo nawapa, hatukingi mtu.

Lakini kasi si ndo kitu kinanifanya niandike. Kwenye kundi letu kuna rafiki yetu mwalimu ambaye mgongo wake uliharibika diski, daktari alimkataza baiskeli ya kawaida, akakaa miaka akitupungia mkono tu sisi tukienda. Kwa kiti cha kuegemea mgongo umeshikiliwa wote, mikono na shingo hazibebi uzito, na jamaa alifika Ahero akashuka akanyoosha miguu akaomba chai. Kuna mwingine ambaye polio ilimwacha na miguu isiyo na nguvu, yeye baiskeli yake ni ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, na hiyo pia iko chini na pia huyo msomaji ameiweka kwa orodha yake ya vitu vya kutolewa. Tafadhali. Nenda Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kulekule biashara ya boda boda ilianzia watu wakibebwa kwa baiskeli, utaelewa watu wenye ulemavu wamevusha mizigo hapo miaka mingi kwa baiskeli za magurudumu matatu za mikono, katikati ya malori. Leo unamwambia mtu wa aina hiyo hawezi kutembea na sisi Jumapili asubuhi kuchangia watoto wagonjwa?

Kuhusu ajali sitaki kuficha kitu. Ziko chini, dereva wa lori la miwa akikukaribia sana hakuoni. Kuondoka ukiwa umesimama kunahitaji mazoezi, mwanzoni inayumba. Na kwa mlima ni kazi kwelikweli kwa sababu huwezi kusimama kwa pedali, kwa hivyo wakiamua siku moja kupitisha msafara Riat tutahitaji kuanza mapema kuliko wengine, tutakubali bila kelele. Ila haya yote yana dawa na hakuna hata moja ya bei. Bendera ndefu ya rangi kali kwa fito nyuma ya kiti, ipite kimo cha gari dogo. Taa nyekundu mchana na usiku. Tuwekwe pamoja, si mmoja huku mwingine kule katikati ya watoto wenye baiskeli za BMX, na pikipiki moja ya wasimamizi itufuate nyuma. Kila mwenye baiskeli ya aina hii ajaribiwe kabla ya siku yenyewe, aondoke, asimame, apige kona, akishindwa akae nje mwaka huo. Mimi mwenyewe nimeona madereva wa matatu wakitupa nafasi kubwa kuliko ile wanampa mtu wa baiskeli ya kawaida, wanashangaa, wanapunguza mwendo waangalie, lakini sitaki usalama wetu utegemee mshangao wa mtu, nataka bendera na mpango.

Ninachoomba waandaaji ni kitu kimoja, ile sentensi ya baiskeli za kawaida peke yake isiingie kwa fomu ya kujiandikisha. Waweke masharti ya usalama, hata yawe makali, tutayafuata. Na kabla hawajaamua, waje watuone, fundi ametengeneza ya ziada yenye kiti cha kusogezwa, mrefu na mfupi wote wanakaa, na huyo msomaji aliyeandika pia nampa mwaliko wa heshima, aje alete helmeti yake, tutamshikia mpaka aweze.

Mpanda baiskeli,
Nyamasaria, Kisumu