Kitako cha bakuli

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hapa hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Barua yako niliipata wiki iliyopita na nimeshaisoma mara nne. Hongera kwa mtoto. Lakini kilichonirudisha kwenye barua kila mara ni lile swali uliloliandika pembezoni: "Utathibitishaje kwamba jibu lipo, na wewe mwenyewe huwezi kuliandika?" Mwaka mzima nimelala na kuamka na swali hilo, kwa hiyo nivumilie, leo nitaandika kwa kirefu.

Kuna metali, niobi kwa mfano, ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Metali ikiwa katika hali hiyo huifukuza sumaku isiingie ndani yake. Baadhi yake, sumaku ikizidi nguvu, huiachia ipenye kwa nyuzi nyembamba, na kila uzi hubeba kiasi kilekile, hakizidi wala hakipungui. Kuuzunguka uzi, mkondo wa umeme huenda mviringo kama maji yanayotoka kwenye tundu la beseni. Mwanafizikia Alexei Abrikosov alizieleza nyuzi hizo mwaka 1957. Sisi tunaziita voteksi. Katika kiini cha voteksi, kile kinachoipa metali tabia yake ya ajabu, tukiite φ, hushuka hadi sifuri. Ukienda mbali kinapanda kuelekea moja.

Sasa mwaka 1976 mwanafizikia Bogomolny aliichukua fomula ya nishati ya mfumo huu akafanya jambo unalolifundisha kidato cha pili kila mwaka: alikamilisha mraba. Nilipoliona mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Pale ambapo voteksi hazivutani wala hazisukumani, nishati yote inakuwa jumla ya miraba, ukiongeza π mara N, yaani idadi ya voteksi. Mraba hauwezi kuwa hasi. Basi nishati ndogo kuliko zote utaipata miraba yote ikiwa sifuri, na milinganyo migumu inageuka kuwa mepesi zaidi. Ukiendelea kuifinya, ukaita u logi ya |φ|², unabaki na mstari mmoja:

Δu = eᵘ − 1

na katika zile nukta N ulizozichagua ziwe viini vya voteksi, u inazama chini bila kikomo. Hiyo Δ ni Laplasiani: inapima jinsi thamani ya mahali inavyopishana na wastani wa majirani zake. Mlinganyo wa aina hii huitwa eliptiki. Ndani yake hamna saa wala dakika, na ukigusa pembe moja, habari zinafika kote.

Mstari mmoja tu! Na bado, kwenye tambarare ya kawaida, hakuna fomula inayojulikana ya jibu lake, hata kwa voteksi moja. Lakini Clifford Taubes, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alithibitisha katika kazi iliyochapishwa mwaka 1980 kwamba chagua nukta zozote, nyingi utakavyo, jibu lipo na ni moja tu.

Alifanyaje? Kwanza anaiondoa ile sehemu inayozama, kwa fomula anayoijua, anabaki na v iliyo laini. Halafu anatunga hesabu inayoipa kila v namba moja. Ile v yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotimiza mlinganyo. Kwa hiyo hatutafuti tena fomula. Zifikirie namba hizo kama kimo cha kuta za bakuli: tunauliza kama bakuli hilo lina kitako, mahali ambapo goroli ingetulia.

Hapa ndipo wengi wanapokimbia, na naomba usikimbie. Utasema: bakuli gani halina kitako? Chora eˣ ubaoni. Mchoro umejikunja kwenda juu kila mahali, haushuki chini ya sifuri kamwe, na bado hauna sehemu ya chini kabisa. Unateremka kushoto milele. Bakuli letu lina pande zisizohesabika, na ubavu mmoja tu wa namna hiyo ungetosha kutupotezea goroli. Lazima uonyeshe kwamba ukienda mbali, upande wowote ule, unapanda. Katika ile fomula ya kuondolea kuna namba unayojichagulia. Taubes anaichukua kubwa kuliko 4N, na kwa hilo anaweza kuonyesha kwamba kingo zote zinainuka. Goroli haina pa kutorokea.

Kwamba jibu ni moja tu, hilo unaweza kuwaonyesha hata wanafunzi wako wakubwa. Tuseme yapo mawili. Chukua tofauti yake, nenda pale inapofika kilele. Kwenye kilele Laplasiani haiwezi kuwa chanya, lakini mlinganyo unasema ni chanya, kwa kuwa eᵘ ya lile la juu inazidi ya lile la chini. Haiwezekani. Nimeifundisha hiyo mara nyingi na bado inanisisimua.

Nikueleze pia nilipokwama. Nilitaka kufanya hayohayo juu ya uso uliofungika, kama tufe, kwa N yoyote. Wiki mbili nzima kingo za bakuli zilikataa kupanda. Nilikagua kila kosa la alama, nikakosa usingizi. Kisha alfajiri moja nikajumlisha mlinganyo juu ya uso wote. Kwenye uso uliofungika hakuna ukingo, kwa hiyo majirani wanafutana na Laplasiani yote inakuwa sifuri. Lakini kila nukta ambapo u inazama inaongeza 4π yake kwenye hesabu. Kinachobaki: jumla ya eᵘ ni eneo ukitoa 4πN. Na eᵘ daima ni chanya! Basi eneo lazima lizidi 4πN, la sivyo hakuna jibu la kutafuta. Nilikuwa nathibitisha uongo. Mwanahisabati Steven Bradlow alikwisha kuonyesha mwaka 1990 kwamba sharti hilo ndilo pekee: likitimia, jibu lipo.

Kila voteksi inadai kiwanja chake cha 4π. Tufe lenye nusukipenyo 1 lina eneo la 4π kamili, kwa hiyo halibebi hata moja. La nusukipenyo 2 lina 16π, linabeba tatu, ya nne haiingii.

Sasa nimehamia kwenye mlinganyo wa Chern-Simons, ambamo eᵘ − 1 inazidishwa na eᵘ nyingine. Hapo bakuli si bakuli tena, na majibu huweza kuwa zaidi ya moja. Nikipata mwanga nitakuandikia.

Wewe wape wanafunzi tufe la nusukipenyo 3, kisha niandikie wamesema linabeba voteksi ngapi.

Wako daima,
mwenzako wa dawati la nyuma