Vijana mliooa juzi, acheni kuwalaumu mabibi zenu

Vijana wangu, hamjambo. Nawaandikia nyote pamoja kwa sababu kila nikifungua simu nakuta mnabishana, ooh wasichana wa siku hizi hawataki kuzaa, ooh wazungu wametuletea dawa ya kutumaliza, na mnaandika hivyo mabibi zenu wakisoma. Inaniuma sana.

Mwishoni mwa miaka ya 70 mama wa Kenya alikuwa anazaa watoto 8 kwa wastani. Nilikuwepo. Mama zetu hawakupenda watoto kuliko nyinyi, ni vile surua ilikuwa ikipita kijijini inabeba wa huyu na wa yule, so ulizaa ukijua sio wote watabaki, na watakaobaki ndio watakulimia na ndio watakutunza ukizeeka. Alafu chanjo zikaja, wasichana wakaingia shule wakakaa, mashamba yakagawanywa mpaka mtu akabaki na pahali pa kujenga tu, karo nayo ikapanda. Kufika 2022 tuko 3.4. Watu walipiga hesabu wenyewe.

Na kama ni dawa za wazungu, mbona mwaka huo huo wa 2022 Nairobi ilikuwa 2.5 na Mandera 7.7? Nchi ni moja, serikali ni moja. Angalieni shule: mwanamke ambaye hakusoma kabisa anazaa 6 na kitu, aliyesoma zaidi ya sekondari hafiki 3. Hapo ndipo penye jibu, na mimi siwezi kumwambia mtu atoe binti yake shule ndio tuzaane.

Kuna wale mnasema serikali ilipe watu wazae. Korea Kusini wamemwaga pesa miaka na miaka na 2023 walifika 0.72, chini kabisa duniani, kwa sababu nyumba Seoul hazishikiki, tuisheni inamaliza mshahara, na mama akitoka kazini usiku bado anangojwa na vyombo na mtoto huku baba amekaa.

Sasa nyinyi ongeeni na mabibi zenu kabla ya mimba, mnataka wangapi na mtawalea na nini. Siku ya kliniki ingia na yeye ndani, usikae nje kwa bodaboda, uliza maswali, hizo njia za kupanga uzazi zinakuhusu pia. Mtoto akilia usiku amka. Na mama yako akianza kuuliza mjukuu ako wapi, mjibu wewe, usimwachie bibi yako.